Kuacha sigara: kukata ghafla, jojo, plasta au kidonge?

Kabla hujaniuliza njia ipi ni nzuri, nijibu mimi kwanza: asubuhi, sigara ya kwanza unaiwasha kabla ya kupiga mswaki au baada ya chai? Wataalamu wa uraibu huuliza swali hilohilo kwa kuangalia saa: je, unawasha ndani ya dakika 30 tangu uamke? Jibu lake linaeleza ukubwa wa mnyororo wako vizuri kuliko idadi ya sigara peke yake. Yupo mvutaji wa sigara 5 ambaye zote ni za kijiweni jioni, na yupo wa sigara 5 ambaye ya kwanza imelala naye chini ya mto. Wawili hao hawaachi kwa njia moja. Hapo ndipo ushauri mwingi wa mtaani unapoharibika: aliyeacha kwa kujikaza kisabuni anamcheka anayetafuta dawa, na aliyesaidiwa na dawa anamwona mwenzake muongo.

Mimi nilikuwa wa chini ya mto. Nimevuta miaka 14 na nimeacha mara 4, ya nne ndiyo hii inayoendelea. Kwa hiyo usitegemee nikae katikati kama refa.

Njaa mbili

Nikotini ikivutwa hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20 hivi. Hakuna dawa ya kuacha sigara inayoweza kushindana na pafu kwa kasi hiyo, na ukilijua hilo mapema hutaitukana jojo ya nikotini siku ya kwanza. Ikishaingia kwenye damu, nusu yake huondoka kila baada ya saa 2 hivi, na ikipungua mwili huanza kudai: hasira za bure, kutotulia, kushindwa kusoma hata ujumbe wa simu hadi mwisho, njaa, usingizi wa kukatikakatika. Mtaani tunaiita arosto. Huwa kali zaidi siku chache za mwanzo, hasa ya pili na ya tatu, kisha hulegea taratibu ndani ya wiki 2 hadi 4.

Hiyo ni njaa ya mwili. Ya pili ni ya mazoea: kikombe cha kahawa, foleni, simu ya bosi, mwenzako anayekunyooshea pakiti bila hata kuuliza. Njaa hii wala haisubiri damu iishiwe. Mwaka 2010 watafiti wa Israeli walichapisha kazi yao juu ya wahudumu wa ndege wanaovuta sigara. Walipimwa hamu yao kwenye safari fupi, za saa 3 hadi 5 na nusu, na kwenye safari ndefu za New York, za saa 10 hadi 13. Ungedhani hamu itakua kadiri saa zinavyopita. Kumbe ilipanda ndege ilipokaribia kutua, iwe imeruka saa 4 au 12. Mhudumu aliyekuwa karibu kushuka baada ya safari fupi alikuwa na hamu kubwa kuliko alivyokuwa yeye mwenyewe, baada ya saa zilezile, akiwa bado katikati ya safari ndefu.

Wanaofunga Ramadhani hawahitaji kusimuliwa. Kwetu Dar, toka alfajiri hadi magharibi ni kama saa 13 na nusu. Kwa hesabu ya nusu kila saa 2, adhana ya magharibi inakukuta huna hata asilimia 2 ya nikotini ya usiku. Mtu yuleyule anayeapa kwamba ofisini hawezi kumaliza saa moja, ameshinda mchana kutwa na joto lake, hajaua mtu. Kisha inakuja tende, uji, na baada ya uji mkono unaingia mfukoni wenyewe.

Ukishazitenganisha njaa hizi mbili, kuchagua kunakuwa rahisi, maana kila njia inashughulikia moja kuliko nyingine.

Kukata ghafla au kupunguza kidogo kidogo

Wapenda kupunguza wana methali yao tayari: haba na haba. Mwaka 2016 huko Uingereza yalichapishwa matokeo ya jaribio la wavutaji 697. Nusu walikata siku moja, nusu walipunguza kwa wiki mbili hadi siku ya kuacha, na pande zote mbili zilipewa plasta na jojo za nikotini. Baada ya wiki 4, waliokata ghafla waliokuwa bado hawavuti walikuwa 49 katika kila 100, waliopunguza, 39. Baada ya miezi 6 walibaki 22 dhidi ya 15 na ushee. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyotoka 2019 hayakuona tofauti kubwa hivyo, kwa hiyo siwezi kusema kupunguza hakufai kabisa. Nasema kuna mtego ndani yake.

Mtego wenyewe ni huu: mwili unafidia. Ukitoka sigara 20 hadi 8, hizo 8 unazivuta kwa pumzi ndefu, mpaka kichungi kinaungua. Halafu unajipongeza. Na moyo hauelewi hesabu zako; anayevuta sigara moja tu kwa siku bado amebeba karibu nusu ya hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo aliyonayo mvutaji wa sigara 20. Mimi nilipunguza kwa miezi 7. Nilifika sigara 3, zikawa tamu kuliko zote nilizowahi kuvuta, na nilikuwa nazisubiri kama mshahara. Ukiamua kupunguza, basi iwe na tarehe ya mwisho isiyozidi wiki chache, umwambie mtu wa nyumbani, na uanze kuiondoa ile ya asubuhi, siyo ile ya saa 10 jioni ambayo hata hivyo huipendi.

Kukata ghafla kuna sifa ya bure: hakuna gharama, hakuna famasi, hakuna cha kupanga. Lakini bila msaada wowote, kati ya kila watu 100 wanaojaribu, wanaobaki bila sigara baada ya miezi 6 hadi mwaka ni kama 3 hadi 5 tu. Ndiyo, wengi wa walioacha duniani waliacha hivyo, kwa sababu wengi hujaribu hivyo, tena mara nyingi. Kwa mvutaji wa kijiweni, ambaye wiki nzima kijijini kwa mama mkwe haoni shida, ningesema kata, na fedha yako usiipeleke famasi. Kwa wa chini ya mto, kukata ghafla nako ni sawa, ila usikate mikono mitupu.

Jojo au plasta

Zote mbili zinakupa nikotini bila moshi. Saratani ya mapafu, mshipa wa moyo kuziba na kifua kuharibika vinatokana na moshi wenye lami, kaboni monoksidi na takataka nyingine nyingi. Nikotini kazi yake ni kukufunga kamba urudi kesho. Dawa hizi zinaiachia kamba polepole wakati moshi umekatwa siku moja. Kwa ujumla zinaongeza uwezekano wa kuacha kwa kama asilimia 50 hadi 60 ukilinganisha na kutotumia kitu. Si muujiza.

Plasta ni ya mtu asiyetaka kukumbuka kumbuka. Unabandika asubuhi, unaendelea na kazi. Aliyekuwa anavuta zaidi ya sigara 10 kwa siku kwa kawaida huanza na ya miligramu 21, chini ya hapo huanza na 14, kisha inashushwa hadi 7, jumla wiki 8 hadi 10. Ubaya wake ni upole: inatoa nikotini kidogo kidogo siku nzima, kwa hiyo hamu ya ghafla ikikupiga kituoni haina mbio za kukuokoa. Na kuna suala ambalo maelezo ya ndani ya boksi, yaliyoandikwa na watu wa nchi za baridi, hayalisemi sana: jasho. Bandika baada ya kuoga ukiwa umekauka kabisa, juu ya mkono au mgongoni pasipo na nywele, na pasipopakwa mafuta wala losheni. Bonyeza kwa kiganja sekunde 10 na zaidi. Kesho hamisha mahali, la sivyo ngozi itawasha. Ukianza kuota ndoto za ajabu, ivue wakati wa kulala.

Jojo inataka mafunzo, na hapa ndipo watu wengi wanapotupa hela. Hii siyo bigijii. Ukiitafuna mfululizo utameza nikotini, utapata kwikwi na kiungulia, na sehemu kubwa ya dawa itavunjwa na ini kabla haijakusaidia. Tafuna polepole mpaka uhisi ukali kama wa pilipili manga, kisha ibane kati ya shavu na fizi, itulie hapo. Ukali ukiisha, tafuna tena kidogo, ibane upande mwingine. Moja huchukua kama nusu saa. Dakika 15 kabla yake, na wakati wote ikiwa mdomoni, usinywe kahawa, soda wala juisi. Uchachu unazuia nikotini isipenye kwenye ngozi ya ndani ya mdomo. Kuna za miligramu 2 na za 4, na wa chini ya mto wanahitaji 4. Wiki 6 za mwanzo ni moja kila saa moja au mbili, zisizidi 24 kwa siku.

Ukinilazimisha nichague moja, nitakataa. Plasta pamoja na jojo zinafanya kazi kuliko moja peke yake, na tafiti zinakubaliana juu ya hilo: plasta inatuliza njaa ya msingi, jojo unaiweka mfukoni kwa ajili ya zile dakika mbaya. Watu wengi huogopa kuzidisha na matokeo yake hutumia kidogo mno, halafu huacha mapema mno. Mara yangu ya pili nilitumia jojo 3 kwa siku kwa siku 9, nikatangaza kijiwe kizima kwamba dawa za kizungu ni utapeli.

Kuzipata ni kazi. Tafuta famasi kubwa za mjini, na piga simu kabla hujapanda daladala. Bei itakushtua mpaka ufanye hesabu ya upande wa pili: tuchukulie sigara moja ni shilingi 200 na unavuta 10 kwa siku. Hiyo ni 2,000 kila siku, 730,000 kwa mwaka, na hujanunua kiberiti.

Vidonge

Hapa unahitaji daktari, siyo jirani. Vinavyotumika sana ni vareniklini na bupropioni. Vareniklini inakaa kwenye milango ileile ya ubongo ambayo nikotini hugonga: inaifungua nusu, hivyo arosto inapungua, na inaiziba, hivyo ukivuta sigara huoni utamu wake. Unaanza kuimeza wiki moja kabla ya tarehe ya kuacha, kwa dozi inayopanda, na kozi ni wiki 12. Kichefuchefu ndiyo lalamiko kubwa. Meza baada ya kula, na glasi kubwa ya maji. Bupropioni asili yake ni dawa ya sonona, na mwenye kifafa haimfai.

Bahati nzuri lipo jaribio kubwa lililoziweka pamoja, likachapishwa 2016, la watu zaidi ya 8,000. Toka wiki ya 9 hadi ya 24, waliokaa bila kuvuta kabisa kati ya kila 100 walikuwa 22 kwa vareniklini, 16 kwa bupropioni, 16 kwa plasta na 9 kwa kidonge kisicho na dawa. Hofu iliyokuwepo kwamba vareniklini huvuruga akili haikuthibitika humo. Ona pia wale 9: hawakupewa dawa, walipewa mazungumzo mafupi na mtu anayewafuatilia, na bado wanawapita wale wa kujikaza peke yao.

Kuna ya tatu, saitisini, itokanayo na mmea, ambayo Bulgaria waliianza tangu 1964 na kozi yake ni siku 25. Shirika la Afya Duniani liliitaja pamoja na vareniklini, bupropioni na dawa za nikotini kwenye mwongozo wake wa 2024. Vareniklini na bupropioni zimo kwenye orodha ya shirika hilo ya dawa muhimu tangu 2021, na jojo na plasta tangu 2009. Kuwemo kwenye orodha ya Geneva na kuwemo kwenye rafu ya zahanati yenu ni mambo mawili tofauti.

Mjamzito, mwenye ugonjwa wa moyo na anayetumia dawa za kila siku wasianze lolote kati ya haya bila kumwona daktari.

Wanaobadilisha, hawaachi

Shisha kwanza, kwa sababu inadanganya kwa harufu ya tofaa. Maji hayachuji sumu, na mkaa unaongeza kaboni monoksidi yake. Shirika la Afya Duniani lilishaonya 2005 kwamba kikao kimoja kinaweza kukuingizia moshi wa sigara 100 au zaidi. Kenya na Rwanda ziliipiga marufuku Desemba 2017. Kutoka sigara kwenda shisha ni kuruka majivu na kukanyaga moto. Kuberi, ugoro na tumbaku ya tambuu hazina moshi, kweli, lakini zinaleta saratani ya kinywa, na arosto yake ni ileile.

Vepu, yaani sigara ya kielektroniki, ni mjadala wa haki. Jaribio la Uingereza la watu 886, lililotoka 2019, lilikuta baada ya mwaka walioacha sigara ni 18 kati ya 100 kwa vepu, na 10 kwa jojo, plasta na wenzake. Ni ushindi wa wazi. Ila soma mstari wa chini: kati ya walioacha kwa vepu, 80 katika kila 100 walikuwa bado wanavuta vepu mwaka mmoja baadaye, kwa dawa za nikotini walikuwa 9. Tena wale walifundishwa na kufuatiliwa kila wiki, na vifaa vyao vilikuwa vya kujaza. Vile vya rangi za peremende wanavyouziwa wanafunzi si vifaa hivyo. Aliyeshindwa kila kitu anaweza kubishana nami na akanishinda. Asiyevuta sigara asiiguse.

Hamu ikija

Hamu moja, ukiiacha bila kuilisha, hupanda na kushuka ndani ya dakika 5 hadi 10. Wengine wanaijibu kwa mdomo: mswaki wa mti, karafuu moja (zikizidi zinachoma fizi), muwa, karanga. Wengine kwa miguu. Nimejaribu vyote, na miguu inashinda. Kutembea kwa kasi dakika 10 hupunguza hamu, hilo limepimwa, na zaidi ya hapo kunakutoa mahali penyewe pa mtego. Mswaki wa mti nauheshimu kwa sababu nyingine: unaupa mkono kazi. Kusaga meno mbele ya mtu anayevuta huku ukijiambia una nia ya chuma, hiyo siishauri.

Kahawa inahitaji aya yake. Moshi wa sigara hulifanya ini livunje kafeini haraka. Ukiacha, ini linapoa, na vikombe vilevile vinne ulivyozoea vinakaa mwilini muda mrefu zaidi. Matokeo: mikono inatetemeka, moyo unadunda, usingizi hauji, na wewe unasema arosto hii itaniua, kumbe nusu yake ni kahawa. Punguza iwe nusu wiki ya kwanza. Kwa sababu hiyohiyo, anayemeza theofilini ya kifua au olanzapini ya maradhi ya akili amwambie daktari siku anayoacha, maana dozi inaweza kuhitaji kushushwa.

Uzito utapanda, kwa wastani kilo 4 hadi 5 mwaka wa kwanza. Sioni sababu ya kukuficha.

Mimi ningekupangia hivi

Dereva wa bodaboda anayewasha kabla hajawasha pikipiki: plasta ya 21, na jojo za 4 mfukoni, maana kijiweni atabaki na hawezi kukimbia watu wote. Mtu wa ofisini aliyeshindwa na dawa za nikotini mara mbili: daktari, vareniklini. Wa wikiendi: kata, na kwa mwezi mmoja badilisha kiti unachokaa, kinywaji na hata rafiki mmoja. Anayefunga: tarehe yake iko tayari, lakini aandae magharibi. Akifuturu aende moja kwa moja msikitini au kwa shangazi yake, mahali ambapo haiwezekani kuwasha, kama yule mhudumu aliye katikati ya safari ndefu. Aliyeko Kenya anaweza kupiga 1192, namba ya bure ya NACADA, mamlaka ya huko ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, akazungumza na mtu.

Na ukiteleza ukavuta moja, usiibandue plasta. Kuiendeleza siku hiyohiyo kuna nafuu kuliko kuanza upya Jumatatu. Pakiti iliyobaki imwagie maji kabla hujaitupa. Ukiitupa kavu utaifuata jaani saa 5 usiku kwa tochi ya simu, na mlinzi atakuuliza umepoteza nini. Mimi nilimjibu pete.